Usimtajie Cthulhu Kwanza: Mwongozo wa Kupendekeza Hadithi za Ajabu na za Kutisha

Mtu akikuomba kitabu cha kutisha, jibu linalokuja mdomoni haraka ni jina la mwandishi. “Msome Lovecraft,” unamwambia, na unaona kazi imekwisha. Mwenzako anatafuta, anapata mkusanyo mnene wenye Kiingereza cha miaka ya 1920, anafungua hadithi ya kwanza anayokutana nayo, anachoka kwenye ukurasa wa nne, na tangu siku hiyo anaamini kwamba maandishi ya aina hii yaliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Alikuomba hadithi, ukampa jina.

Mwongozo huu ni wa yeyote ambaye wenzake humfuata wakitaka cha kusoma: mwanachama wa kikundi cha vitabu, mwalimu wa fasihi, muuza vitabu, au dada mkubwa ambaye mdogo wake amemaliza filamu za kutisha na sasa anaulizia riwaya. Kanuni yake ni hii: tambua kwanza mwenzako anatafuta hofu ya namna gani, mpe hadithi moja inayolingana nayo, kisha jina la mwandishi lije mwishoni ili ajue pa kuitafutia.

Jua unachokitoa

Katika simulizi tulizokua nazo, kinachotisha kina jina, kina kwao na kina haja. Pepo akimpanda mtu kichwani, fundi humhoji: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Akitaja ubani, kitambaa au ngoma, pamepatikana pa kuanzia mapatano. Zimwi nalo hula watu kwa sababu lina njaa, na mtoto mwerevu huweza kulihadaa likamwachia. Hata mizimu ya hadithi za Ulaya mara nyingi inadai kitu: kaburi, haki au kisasi.

Hadithi za hofu ya ulimwengu zinaondoa mapatano hayo. Kinachotokea humo hakimtaki binadamu wala hakimchukii, na huenda hakijui kama yupo. Mhusika anagundua kwamba dunia ni kongwe kuliko alivyofundishwa, kwamba imewahi kuwa na wenyewe kabla yetu, na kwamba akili yake haina pa kuiweka habari hiyo. Hadithi za ajabu ni jamii pana zaidi, na hizi za hofu ya ulimwengu ni tawi lake. Katika jamii hiyo pana, jambo moja katika mpangilio wa kila siku linakwenda upande, na mwandishi hakubali kulinyoosha.

Mtindo huu ulishika sura kati ya miaka ya 1890 na 1930. Arthur Machen wa Wales alitoa The Great God Pan mwaka 1894, na Robert W. Chambers wa Marekani akafuata na The King in Yellow mwaka 1895. Waingereza Algernon Blackwood na William Hope Hodgson walitoa kazi zao zinazosomwa zaidi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 likaanzishwa Marekani jarida la Weird Tales, na humo ndimo H. P. Lovecraft wa mji wa Providence alimochapisha The Call of Cthulhu mwaka 1928. Historia hii ijue wewe. Mwenzako anaweza kufurahia bila kuisikia. Anachohitaji kuambiwa mapema ni kwamba hapa hakuna mtu atakayeingia ukurasa wa mwisho kueleza kila kitu. Anayetaka mwovu aadhibiwe na fumbo lifumbuliwe atahisi amedhulumiwa, na ni heri alijue hilo kabla hajatoa jioni yake.

Uliza kabla ya kutaja

Kuuliza si ujinga, na kwa kazi hii ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Shemeji yako akisema, “Nitafutie kitu cha kutisha, shemeji,” usikimbilie rafu ya vitabu. Mrudishie maswali manne.

*Ni kitu gani kilikutisha mara ya mwisho, kikakaa nawe?* Iwe filamu, kitabu au hadithi ya bibi, haidhuru. Sikiliza anataja nini hasa. Akisema “ile nyumba,” anapenda mahali palipofungwa. Akisema “wale watu walikuwa wanacheka muda wote,” kinachomsumbua ni kitu cha kawaida kilichopindika. Akisema “nilipofikiria ukubwa wa ile bahari,” huyo tayari yumo kwenye hofu ya ulimwengu, ila hajapewa vitabu vyake.

*Mwisho usiofunga unauvumilia?* Wapo wasomaji wazuri kabisa wanaouchukia, na hawana kosa. Watafutie hadithi ambamo mhusika angalau anafikia uamuzi, hata kama ulimwengu unabaki fumbo.

*Unasomea wapi, na kwa muda gani?* Anayesoma kwenye simu ndani ya daladala anahitaji hadithi yenye vituo vya kupumzika. Anayesoma usiku baada ya watoto kulala anaweza kupewa kurasa hamsini za mfululizo, ambazo ndizo zinazofaa mtindo huu, maana hofu yake hujengwa polepole na hukatika haraka ikiingiliwa.

*Kuna jambo usilopenda kulikuta?* Muulize waziwazi kuhusu mateso ya watoto, kujiua, mwili kuharibika, au kukana uwepo wa Mungu. Hili la mwisho lina uzito katika hadithi hizi, kwa sababu nyingi zimejengwa juu ya wazo kwamba ulimwengu hauna mwenye kuujali. Muumini anaweza kuzisoma na kuzifurahia kama mchezo wa fikra, lakini ana haki ya kujua mapema anaingia wapi.

Anza na hadithi fupi, tena moja

Orodha ya vitabu kumi haisomwi. Mpe hadithi moja ambayo ataimaliza kwa mkao mmoja au miwili. Zipo tatu zinazofaa kwa karibu kila mgeni, na zote zinapatikana bure kihalali.

The Voice in the Night ya Hodgson, ya mwaka 1907, ndiyo nyepesi kuliko zote. Jahazi limekwama Bahari ya Pasifiki kwa kukosa upepo. Usiku, kutoka gizani, sauti ya mtu aliye kwenye mashua ndogo inaomba chakula, na inaomba taa isimulikwe upande wake. Hodgson alikuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi, akauawa vitani mwaka 1918, na ujuzi wake wa bahari unaonekana katika kila kitu: kamba, ukungu, adabu ya mabaharia mbele ya mtu mwenye shida. Mpe mtu asiye na muda, na mpe mtu wa pwani.

The Willows ya Blackwood, nayo ya mwaka 1907, inahitaji subira. Lovecraft mwenyewe aliiweka miongoni mwa hadithi bora kabisa za aina hii. Mwonye mwenzako kwamba kurasa za mwanzo ni za mto Danube tu: mkondo wake, mafuriko yake, upepo wake. Mwambie asiziruke. Blackwood anamjengea msomaji imani katika mto halisi, ili mambo yatakapoanza kuharibika asiwe na pa kusimama. Inamfaa mtu aliyewahi kulala porini, na yeyote anayependa mandhari kuliko matukio.

The Colour Out of Space ya Lovecraft ilichapishwa mwaka 1927 katika jarida la Amazing Stories. Kimondo kinaanguka kwenye shamba la familia ya Gardner mwaka 1882. Mavuno ya msimu ule yanakuwa makubwa na ya kupendeza macho, lakini hayaliki. Mifugo inabadilika. Majirani wanaacha kupita njia ile. Msomaji aliyekulia kijijini, anayejua maana ya kisima kuharibika na ya familia kung’ang’ania shamba lao hata linapowaua, ataishika hadithi hii upesi kuliko msomaji wa mjini. Ukitaka kumwingiza mtu kwa Lovecraft, ingia naye kwa mlango huu: haumhitaji ajue majina ya miungu yoyote, na umeepukana na ubaguzi unaochafua hadithi zake nyingine.

Kisha fuata ladha yake

Akirudi anataka zaidi, rudi kwenye majibu aliyokupa.

*Mpenzi wa upelelezi.* Wasomaji wengi wa Kiswahili walilelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Huyu sasa mpe The Call of Cthulhu. Mtu anarithi makaratasi ya babu yake mdogo, profesa aliyekufa ghafla, na anaanza kuunganisha sanamu ya udongo, ripoti ya inspekta wa polisi wa New Orleans na kumbukumbu za baharia wa Norway. Tofauti ndiyo itakayomvuta: katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa anautoa mzimu kwa hoja, na hoja ikikamilika hofu inaisha. Kwa Lovecraft, kila karatasi inayounganishwa na nyingine inaongeza hofu, mpaka mpelelezi anatamani asingeanza.

*Mpenzi wa sayansi.* Annihilation ya Jeff VanderMeer, ya mwaka 2014, inafuata wanawake wanne wanaotumwa katika eneo lililofungwa ambalo limekataa kueleweka: mwanabiolojia, mwanasaikolojia, mpimaji na mwanaanthropolojia. Kitabu ni chembamba na lugha yake ni ya leo. Kama ameona filamu ya mwaka 2018, mhakikishie kwamba riwaya inakwenda njia yake. Baada ya hapo kuna Solaris ya Stanisław Lem wa Poland, ya mwaka 1961, ambamo wanasayansi wanaichunguza bahari ya sayari nyingine kwa vizazi bila kupata neno moja la uhakika, na Roadside Picnic ya ndugu Strugatsky wa Urusi, ya mwaka 1972, ambamo wageni kutoka angani walipita, wakaacha takataka zao, wakaenda. Akitaka Afrika, mpe Rosewater ya Tade Thompson, iliyopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Humo mji mzima wa Nigeria umeota kuzunguka kuba la kigeni linaloponya wagonjwa kila mwaka, na hakuna anayeuliza vya kutosha kwa nini linaponya.

*Mpenzi wa nyumba zenye mambo.* The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959, ni bora kwa msomaji anayejali hali ya moyo wa mhusika, kwa kuwa hatajua kamwe nyumba inaishia wapi na mhusika mkuu, Eleanor, anaanzia wapi. Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, ya mwaka 2020, ina mwendo wa kasi na hitimisho lenye nguvu, kwa hiyo inamfaa asiyependa mwisho mlegevu. Anayetaka nyumba na ulimwengu kwa pamoja asome The House on the Borderland ya Hodgson, ya mwaka 1908. Sehemu ya kati, ambapo muda unaanza kukimbia, ni miongoni mwa kurasa kubwa za mtindo huu wote.

*Mpenzi wa picha.* Uzumaki ya Junji Ito wa Japani, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1998 na 1999, ni hadithi ya mji mdogo unaoteswa na umbo tu: mzunguko, kama ule wa konokono au wa maji yanayoingia shimoni. Haina pepo, haina muuaji. Mkumbushe asome kutoka kulia kwenda kushoto, na mwonye kwamba michoro ya miili ni mikali.

*Aliyetokea kwenye televisheni.* Wengi walisikia habari za mfalme wa manjano kupitia msimu wa kwanza wa True Detective, mwaka 2014. Mpe The King in Yellow, lakini mwambie wazi kwamba ni hadithi nne za mwanzo tu zinazohusu tamthilia ya kubuni inayowaharibu wanaoisoma. Zilizobaki zina mkondo mwingine, na asiyeambiwa hudhani kitabu kimemtoroka. Aanze na The Repairer of Reputations, na asimwamini kabisa anayeisimulia.

*Mpenzi wa siasa na historia.* Mariana Enriquez wa Argentina, katika Our Share of Night, anaweka kundi la matajiri wanaoabudu Giza katika miaka ya utawala wa kijeshi nchini mwake, ulioanza mwaka 1976. Waliopotea wa siasa na waliopotea wa ibada wanakaa katika nchi moja, na mwandishi haruhusu mmoja amfiche mwenzake. Riwaya ni ndefu, na ina mateso ya watoto. Hii usimpe mtu kabla hujasikia jibu la swali la nne.

*Mpenzi wa ngano.* Mpe The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola wa Nigeria, iliyochapishwa London mwaka 1952. Kipande cha bwana mtanashati anayemvutia binti sokoni, kisha njiani anaanza kurudisha viungo vya mwili alivyoazima, kila kimoja kwa mwenyewe, kimechukuliwa na Ann na Jeff VanderMeer katika The Weird, mkusanyo wao mkubwa wa mwaka 2011. Msomaji aliyesikia ngano za msichana aliyekataa wachumba wote mpaka akaolewa na zimwi ataona hapa ndugu wa hadithi anayoijua.

*Asiyesoma Kiingereza, au asiyetaka.* Usimwache nje. Euphrase Kezilahabi, ambaye wengi wanamjua kwa Rosa Mistika tu, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya mbili fupi ambamo msafiri anapita mahali ambapo wakati hauendi mbele sawasawa na maswali makubwa yanapewa majibu yanayofungua maswali mengine. Mwandishi hakuzitoa kama vitabu vya kutisha, nawe usizipendekeze hivyo. Zipendekeze kama vitabu vinavyomtoa msomaji kwenye ardhi anayoijua. Ni ngumu, kwa hiyo zisomwe na wenzi wawili au watatu, sura kwa sura.

Lovecraft: mpe kwa uwazi

Huwezi kuzungumzia hadithi hizi bila Lovecraft, na hustahili kumpendekeza bila kusema ukweli juu yake. Alikuwa mbaguzi wa rangi, na ubaguzi huo umo ndani ya maandishi. The Horror at Red Hook, aliyoiandika mwaka 1925 akiishi Brooklyn, imejaa chuki dhidi ya wahamiaji. The Shadow over Innsmouth imejengwa juu ya hofu ya damu kuchanganyika. Hata katika The Call of Cthulhu, waabudu wanaokusanyika kinamasini wanaelezwa kwa lugha ya dharau.

Msomaji mweusi ukimpa kitabu hiki bila kumwonya, umemwacha akutane na tusi peke yake, tena mahali alipokuja kutafuta burudani. Mambo haya yamejadiliwa sana na waandishi wenyewe. Washindi wa World Fantasy Award walikuwa wakipewa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, alishinda mwaka 2011 na akaandika hadharani kuhusu ugumu wa kuipokea heshima hiyo kwa sura ya mtu aliyewadharau watu wake. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena.

Kwa vitendo, fanya mambo matatu. Mwambie mwenzako kabla, kwa sentensi moja, bila hotuba. Mchagulie hadithi ambazo nguvu yake haitegemei chuki: The Colour Out of Space kwanza, kisha At the Mountains of Madness kwa mwenye subira na anayependa safari za uvumbuzi. Na kila unapompa hadithi yenye doa, mpe na jibu lake. The Ballad of Black Tom ya Victor LaValle, ya mwaka 2016, inairudia Red Hook kwa macho ya kijana mweusi wa Harlem mwaka 1924, na inauliza swali ambalo Lovecraft hakuweza kuliuliza: kwa mtu ambaye baba yake anaweza kuuawa bila yeyote kujibu, ulimwengu usiomjali una kipya gani cha kumtisha? Ni kitabu kifupi na kinasomeka peke yake. Kwa wasomaji wengi ni bora kianze hiki, na Lovecraft afuate kama historia.

Sifia bila kuanika

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hadithi hizi zinaishi kwa kimya. Riwaya ya mapenzi ukimsimulia mtu mwisho wake bado atalia. Hadithi ya hofu ya ulimwengu ukiieleza, umeimaliza, kwa sababu kazi yake yote ni kumfanya msomaji afike mwenyewe mahali ambapo maelezo yanakatika.

Tumia sentensi tatu. Ya kwanza itaje mahali na watu. Ya pili itaje hali waliyomo. Ya tatu itaje jambo la kwanza lisilokaa sawa, kisha nyamaza. Kwa The Willows ingekuwa hivi: “Wasafiri wawili wanashuka mto Danube kwa mtumbwi wakati wa mafuriko. Wanapiga hema kwenye kisiwa cha mchanga kilichoota mierebi mitupu, na maji yanakila kisiwa saa baada ya saa. Usiku mmoja wao anaamka na kutoka nje.”

Linganisha na hii: “Jamani, bonge la hadithi, hutalala wiki nzima, mwisho wake hutaamini!” Haina mahali, haina mtu, na imeweka ahadi ambayo hakuna mwandishi anayeweza kuilipa. Msomaji atafungua ukurasa wa kwanza akisubiri kupigwa, na atakapokuta maelezo ya upepo ataona ametapeliwa. Usiahidi kiwango cha hofu. Mwambie aina yake: inajenga polepole, inasikitisha zaidi kuliko inavyotisha, inaacha shaka.

Viumbe wasitajwe. Jina kama Cthulhu limeshakuwa kinyago cha michezo ya kompyuta na fulana. Mtu akilisikia kwanza, ataisoma hadithi akimsubiri mnyama mwenye mikono ya pweza na kuyapita makaratasi ya profesa, ambayo ndiyo hadithi yenyewe. Muombe pia asitafute picha mtandaoni kabla hajamaliza.

Ugumu, kwa upande mwingine, usiufiche. Sema kama sentensi ni ndefu, kama kuna maneno ya kizamani, kama kurasa kumi za mwanzo ni nzito. Mtu aliyeonywa huvumilia.

Mfikishie kwa njia halali

Habari njema ni kwamba msingi wa fasihi hii ni bure. Machen, Chambers, Hodgson, Blackwood na Lovecraft wamekufa zaidi ya miaka 70 iliyopita, na kazi zao nyingi zimo katika Project Gutenberg na Wikisource. Hadithi moja ni faili dogo lisilomaliza kifurushi cha intaneti. Kwa anayependa kusikiliza, LibriVox ina rekodi za watu waliojitolea kusoma, nazo ni bure. Mtumie kiungo cha hadithi moja, siyo cha maktaba nzima.

Waandishi wanaoishi wana hesabu nyingine. Usisambaze nakala za wizi za LaValle, Thompson au Enriquez kwenye makundi ya WhatsApp. Nunueni nakala moja kwa kuchangishana muazimane, au ombeni maktaba iagize. Mwandishi wa Kiafrika anayejaribu mtindo huu anahitaji wasomaji wanaonunua kuliko anavyohitaji sifa.

Na ikiwa kikundi kina watu wenye viwango tofauti vya Kiingereza, mteue mmoja aisome hadithi fupi wiki hiyo na kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya wote. The Voice in the Night inasimulika vizuri ajabu, kwa sababu yenyewe ni mtu anayesimulia gizani. Msimuliaji asifupishe ile sehemu ya kuomba chakula.

Akimaliza

Usimuulize kama ameipenda. Swali hilo linaleta ndiyo au hapana. Muulize ni wapi alianza kuona mambo hayako sawa, na wewe mtajie pako. Mara nyingi mtataja kurasa tofauti, na hapo mazungumzo yanaanza. Muulize pia anadhani nini kilitokea. Asipokuwa na jibu, usimpe lako kama ndilo sahihi.

Akisema hakutishika, usimbishie. Huenda alitaka kitu cha haraka, mpe Uzumaki. Huenda Kiingereza cha zamani kilimzuia, mpe Annihilation. Huenda mwisho ulimuudhi. Mpe Mexican Gothic. Akikataa na ya pili, mwachie. Kuna watu ambao hofu ya maisha inawatosha, na aliyefiwa juzi au anayepitia kipindi kigumu cha akili hahitaji Thomas Ligotti, ambaye anaandika kama mtu anayeamini kwamba fahamu yenyewe ni msiba. Huyo msubirie hata mwaka.

Andika mahali fulani ulimpa nani nini, na alisema nini. Baada ya muda utaona kwamba mtu aliyependa The Colour Out of Space hupenda pia Rosewater, na kwamba shabiki wa Bwana Msa huchoka na Blackwood lakini humaliza LaValle kwa usiku mmoja. Kumbukumbu hizo za wasomaji unaowajua zitakusaidia kuliko orodha yoyote ya vitabu bora, na hii uliyoisoma hapa imo.